Koo la Chiriku

14 Juni

Kwa Bibi Mtathmini,

KUHUSU: MAONI YAKO JUU YA IGIZO LETU LA NYIMBO, "CHEREHANI YA MAMA"

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ndiye mwalimu wa muziki niliyekupokea tarehe tano mwezi huu. Ulikaa safu ya pili karibu na mlango, ukanywa maji uliyokuja nayo mwenyewe, ukaandika kwa saa nzima na robo. Uso uliuinua mara nne tu. Nilihesabu.

Sina ugomvi na alama zako. Hamsini na nane kwa mia ni alama, watoto wameshawahi kupata mbaya zaidi. Umesema kubadilisha jukwaa kati ya sehemu ya kwanza na ya pili kulichukua dakika nne na watazamaji wakaanza kupiga soga. Ni kweli, zile meza ni za maabara na ni nzito. Umesema kundi la waitikiaji lilifichwa nyuma ya pazia kama nguo za kuanikwa. Sawa, nitalitoa mbele. Umesifu miguu yao walipokuwa wakipiga mdundo wa cherehani kumi na mbili. Ahsante.

Ugomvi wangu ni ile bahasha. Ndani yake uliandika hivi, na nanukuu: "Mwimbaji mkuu anaimba kama mlango usiotiwa mafuta. Mwondoeni kwenye wimbo wa mwisho mara moja."

Bibi, huyo unayemwita mlango ana miaka kumi na sita. Tangu akiwa kidato cha kwanza shule nzima inamwita Chiriku, kwa sababu hafungi mdomo, na akiufungua kuimba watu wanasahau walikuwa wanaenda wapi. Barua yako ilisomwa mbele ya watoto sitini na wawili. Walicheka. Tangu siku hiyo kila akipita kwenye korido kuna mtu anaiga mlio wa bawaba za mlango. Jana alikula chakula cha mchana peke yake, nyuma ya stoo ya viti.

Mimi nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, na kinanda kimoja ambacho vibonyezo vitano vimekufa. Igizo lile nimeliandika mwenyewe, neno kwa neno, noti kwa noti. Wewe ulikuja, ukakaa, ukaondoka kabla ya chai. Naomba uandike barua ya kumtaka radhi huyu mtoto kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo nitapeleka malalamiko kwenye kamati iliyokutuma.

Mwalimu wa muziki na maigizo


21 Juni

Mwalimu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Kuna neno moja umeliweka pale katikati ukadhani sitaliona. Barua "ilisomwa". Ilisomwa na nani, Mwalimu? Barua haina mdomo. Karatasi ya alama ni ya shule nzima, ibandikeni ukutani mkitaka. Ile bahasha niliifunga kwa gundi, na juu yake nikaandika kwa wino mwekundu: kwa mwalimu peke yake. Nimefanya kazi ya utathmini miaka kumi na tisa na kila shule naiachia bahasha ya namna hiyo, kwa sababu yapo mambo ya kuambiwa mtu mzima faraghani. Sasa niambie hiyo sauti iliyowasomea watoto sitini na wawili ilikuwa ya nani, halafu ndipo tuzungumze habari ya kutakana radhi.

Na pia umeninukuu kama fundi nguo mwizi anavyokata kitambaa. Niliandika sentensi sita. Wewe umechukua mbili. Nakala ninayo, na hizi ndizo nne zilizobaki:

"Kosa si lake. Wimbo umepandishwa juu kuliko sauti aliyopewa na Mungu, na nasikia hewa ikivuja kila anapovuta noti ndefu, dalili ya koo lililochoka au linaloumwa. Apelekwe kwa daktari wa koo kabla hajaimba tena hata mara moja. Ana kipaji kikubwa kuliko igizo lenyewe, na sitaki kusikia kimepotea."

Unasema niliinua uso mara nne. Mwalimu, sauti haitazamwi. Nilikuwa nimeinama kwa sababu nilikuwa nasikiliza, na nilichokuwa nasikia kilinitia hofu. Niliondoka kabla ya chai kwa sababu ningekaa ningekukaripia mbele ya mkuu wako wa shule.

Malalamiko yapeleke. Anwani ya kamati iko nyuma ya karatasi ya alama. Lakini kabla ya kwenda posta nijibu swali moja, nalo si gumu: mtoto ameonwa na daktari?

Mtathmini


26 Juni

Bibi Mtathmini,

Malalamiko nimeshayapeleka. Nakala imeambatanishwa, uisome umekaa.

Unaniuliza nani alisoma. Nitakujibu, sina cha kuficha. Nilimpa kiranja wa kundi asome. Tulikuwa tumekusanyika ukumbini baada ya vipindi, watoto wana hamu, wamefanya mazoezi miezi mitano. Nilidhani ni pongezi. Mtu akikuletea bahasha iliyofungwa kwa gundi unadhani nini? Kiranja alifika sentensi ya pili, kicheko kikalipuka, nikamnyang'anya karatasi. Hizo nne zako nilizisoma baadaye ofisini. Na nikuambie ukweli, niliziona kama mtu aliyekuzaba kibao halafu akakupangusa shavu.

Habari ya daktari. Huyu mtoto alikuwa na mafua mwanzoni mwa mwezi wa tano. Mafua, basi. Nusu ya shule ilikuwa inapiga chafya. Nilimpa tangawizi na asali kutoka mfukoni kwangu, kila siku kabla ya mazoezi. Hospitali yenye daktari wa koo iko mbali, foleni yake watu wanaamkia, na baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma anayemlea peke yake. Siku asiyofungua karakana ni siku iliyokufa. Unataka nimwambie nini? Kwamba mama mmoja mwenye kalamu amesikia hewa?

Unasema wimbo umepandishwa. Naam, niliupandisha toni mbili, kwa makusudi. Pale mwisho mama anafunika cherehani yake baada ya kaka yake kumpokonya duka, na sauti lazima ipasue paa. Ukiuimba chini unakuwa wimbo wa kubembelezea mtoto. Mimi ndiye niliyeutunga, najua unataka nini.

Tarehe kumi na mbili Julai ni siku ya wazazi na afisa elimu atakuwepo. Tutalirudia igizo zima. Chiriku ataimba. Yeye mwenyewe amesema anataka kuimba, ili wale wanaoiga bawaba wafunge midomo yao. Nakualika. Njoo uinue uso.

Mwalimu wa muziki


30 Juni

Mwalimu,

Hii naiandika haraka iwahi posta ya mchana.

Hayo ya kamati weka pembeni. Wanifukuze wakipenda, nimechoka kula vumbi la kumbi za shule. Nisikilize kwa hili moja tu.

Miaka mitatu iliyopita nilitathmini igizo kwenye shule nyingine. Kulikuwa na msichana mwenye sauti ya ajabu, na ndani ya sauti ile nilisikia mkwaruzo mdogo, kama uzi unaokatika polepole. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama ukishangilia. Mwalimu wake alikuwa analia kwa furaha. Sikutaka kuwa mchawi kwenye sherehe ya watu. Nilimpa tisini na sita, na kwenye bahasha nikaandika maneno matamu. Mwaka uliofuata nilirudi pale. Nilimkuta anauza tiketi mlangoni. Aliniambia "karibu" kwa sauti ya mtu anayenong'ona ndani ya gunia. Hakuwa ananong'ona. Ndiyo sauti aliyobaki nayo.

Ndiyo maana mwaka huu niliandika kwa ukali. Nilitaka ushtuke. Kwa hiyo shtuka, Mwalimu. Kamasi za mafua zinakaa wiki moja, mbili. Nilimsikia tarehe tano Juni, na wewe unasema mafua yalikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tano. Hesabu mwenyewe.

Asiimbe tarehe kumi na mbili. Mwambie mtoto mwingine aimbe, au ukate wimbo, au uahirishe siku. Na kwa kuwa naona wewe husikii, namwandikia mkuu wako wa shule leo hii hii.

Mtathmini


19 Julai

Bibi Mtathmini,

Mkuu wa shule hakuniambia lolote kuhusu barua yako. Sijui kama aliipata, na sikumuuliza. Pengine nilifurahi kutoulizwa.

Chiriku aliimba.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Meza tulizibadilisha kwa sekunde hamsini. Waitikiaji niliwatoa mbele ya pazia kama ulivyosema. Ukafika wimbo wa mwisho. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili niliona ameshika ukingo wa cherehani kwa mikono yote miwili, nikajiambia anaigiza. Ubeti wa tatu, kwenye ile noti, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Hata mkwaruzo. Mdomo wazi, mishipa ya shingo imetuna, kimya. Wazazi walidhani igizo ndivyo lilivyo. Walinyamaza kwa heshima. Halafu mtu mmoja akaanza kupiga makofi na ukumbi mzima ukafuata, na afisa elimu akasimama.

Mtu mmoja tu alielewa. Baba yake alitoka safu ya nyuma akiwa na viatu vyake vya kazi, akapanda jukwaani, akamshika mkono binti yake na kumshusha, na watu bado wanapiga makofi.

Nilikwenda nao hospitali kesho yake. Daktari aliingiza kamera ndogo kupitia puani. Ana vinundu pande zote mbili za nyuzi za sauti, na upande wa kushoto kimshipa kimepasuka, damu imevia. Wiki tatu asitoe sauti yoyote, hata kunong'ona, halafu aonwe tena. Kuimba, daktari alisema tusimuulize kwa sasa.

Tulikaa kwenye benchi la korido, mimi na baba yake. Akaniuliza, "Mwalimu, ulijua?"

Nikasema, "Nilijua ana mafua."

"Sikukuuliza mafua."

Nikalivuta begi langu mapajani. Akasema, "Kuna mtu alikwambia?"

Barua zako nilikuwa nazo kwenye begi. Sijui kwa nini nilizibeba. Nilimpa. Alizisoma moja moja kwa kidole, polepole, wauguzi wanatupita. Alipomaliza ile ya bahasha akasema, "Huyu mama amemwita mwanangu mlango. Halafu amesema daktari. Wewe ukachukua mlango, daktari ukamwacha." Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Sasa nikuambie lile ambalo sikukuandikia. Mwezi wa tano, kabla ya wewe kuja, Chiriku alinifuata ofisini akaniambia, "Mwalimu, kooni kuna kitu kama kokwa, nikimeza hakishuki." Nikampa tangawizi. Akaja tena wiki iliyofuata. Nikampa tangawizi.

Nina hasira na wewe, Bibi, sitakuficha. Nina hasira kwa sababu ulikuwa umesema kweli, na ukaisema kwa namna ambayo niliweza kuikataa. Na nina hasira na mimi mwenyewe ambayo sijui niipeleke wapi. Malalamiko kwenye kamati nimeyafuta. Kazi ya maigizo nimeiacha. Nimemwandikia mkuu wa shule leo asubuhi. Nitafundisha madarasa yangu na kwenda nyumbani.

Mwalimu


25 Julai

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako, nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi nikaisoma tena. Nilikuwa nimeandaa matusi. Nimeyatupa, si kwa kuwa huyastahili, bali kwa kuwa mimi pia nina zamu yangu.

Mkuu wako wa shule hakukuambia lolote kwa sababu hakupata lolote. Ile barua niliiandika. Niliitia kwenye bahasha, nikabandika stempu. Mchana huo huo kamati wakanipigia simu kuniambia umenishtaki kwamba nina chuki na shule yenu. Nikafikiri, nikiituma sasa hivi wataona nalipiza kisasi. Nikasema ngoja kidogo, mambo yapoe. Nikaiweka mezani chini ya kamusi. Siku kumi na mbili ilikaa pale, na mimi nikipita nikienda jikoni naiona. Kwa mara ya pili maishani nilisikia kitu kwenye koo la mtoto nikachagua kulinda jina langu. Mara ya kwanza nilinyamaza ili nipendwe. Safari hii nilinyamaza ili nisichukiwe. Sioni tofauti.

Kwa hiyo usiniambie mimi ndiye niliyesema kweli.

Ila hilo la kuacha maigizo limenichefua. Unajiona unajiadhibu. Unajipumzisha, hilo ndilo unalofanya. Una watoto sitini na mmoja wengine, na kesho atakuja mwalimu kijana ambaye hajawahi kukaa kwenye lile benchi la korido, atawapandishia wimbo toni tatu. Wewe sasa unajua koo ni nini. Umelipia elimu hiyo kwa koo la mtu mwingine, halafu unaondoka nayo nyumbani? Huo nao ni wizi.

Rudi kazini. Na niandikie hali ya mtoto.

Mtathmini


9 Agosti

Kwa Mwalimu, na kwa Mama Mtathmini. Nimeandika nakala mbili, kila mmoja na yake.

Mimi ndiye lile koo.

Baba amenipa barua zenu zote. Mwalimu alimkabidhi zile za kwanza hospitali, na hizi za mwisho Mwalimu amezileta nyumbani mwenyewe, pamoja na nakala za zile alizoandika yeye. Nimezisoma kwa siku mbili kwa sababu sina kazi nyingine. Wiki tatu zimekwisha, daktari ameangalia, akasema damu imeondoka lakini vinundu bado, kwa hiyo niendelee kunyamaza. Mnajua kunyamaza ni nini? Jana kuku wa jirani aliingia jikoni akala unga nikawa nampigia makofi kama niko ukumbini. Baba alicheka. Mimi sikucheka, kucheka pia nimekatazwa.

Mmeandikiana barua sita kuhusu mimi. Hakuna hata moja iliyoanza na jina langu. "Mtoto ameonwa na daktari?" "Huyu mtoto alikuwa na mafua." Mlikuwa mnapigana na mimi ndiye kiwanja.

Mwalimu, kwanza wewe. Umesema huna cha kuficha, baadaye ukasema la kokwa, nikadhani sasa atamalizia. Hukumalizia. Kiranja aliposoma habari ya mlango na watu wakacheka, ulimnyang'anya karatasi, ndiyo. Halafu ukasema nini? Ulisema, "Chiriku, simama hapa uwaonyeshe." Ukakaa kwenye kinanda. Ukanifanya niimbe ule ubeti wa tatu pale pale, mara tatu, mbele ya wote, ili uthibitishe kuwa mtathmini ni mwongo. Mara ya tatu nilisikia maumivu kama nimemeza wembe. Ukasema, "Mmesikia?" Walisikia. Ndipo walipoanza kuiga bawaba. Kabla ya hapo walikuwa wamecheka tu.

Hiyo umeificha kwenye barua zako zote tatu. Kwenye ile ya tatu ulikuwa unaungama kila kitu, na bado hiyo ukairuka.

Mama Mtathmini, na wewe. Ulikuwa na sentensi sita. Daktari ulimweka ya tano. Ya kwanza uliweka mlango. Nimejiuliza kwa nini, na nadhani ni kwa sababu ulikuwa umeupenda. Ulikaa ukatafuta maneno, ukayapata, ukafurahi. Mimi pia naandika mashairi, najua mtu anavyojisikia akipata maneno. Lakini mimi nilikuwa naumwa. Ungeanza na daktari, kiranja angemsoma daktari kwanza, na hakuna mtu anayemcheka daktari. Miaka kumi na tisa unawaambia watu jinsi ya kupanga igizo na hukujua kupanga barua.

Mimi nami nilikosa, msije mkasema najifanya malaika. Nilimdanganya baba. Aliniuliza mara nyingi mbona unakohoa nikasema vumbi. Nilitaka kuimba siku ya wazazi kwa hasira, na niliimba kwa hasira. Hilo ni langu, msinipokonye mkajipa ninyi.

Ninachotaka ni hiki. Mwalimu urudi, kwa sababu wenzangu wanakaa ukumbini saa ya mazoezi wanacheza karata. Wimbo ushushwe, aimbe mwingine. Mama Mtathmini, wewe uje. Usitume bahasha. Uje unitazame usoni, uniambie ulichosikia, na mimi nikuambie nilichosikia. Nikiruhusiwa kuongea.

Sijawasamehe. Naandika hivyo ili msisome vingine.

Chiriku


12 Septemba

Mama Mtathmini,

Nilishindwa kukuandikia mapema. Niliposoma barua ya Chiriku sikulala vizuri wiki nzima, na sitaki kukupa sababu za kunihurumia. Yote aliyosema ni kweli. Nilimsimamisha pale. Nilisema, "Mmesikia?"

Nilimwomba mkuu wa shule anirudishie maigizo, akanirudishia. Kazi ya kwanza nilikusanya watoto wote ukumbini, Chiriku akiwa amekaa mbele, nikawaeleza nilichofanya siku ile, bila "ilisomwa" wala "ilitokea". Mimi nilimpa kiranja. Mimi nilikaa kwenye kinanda. Mimi niliambiwa nikakataa. Hakuna aliyecheka. Wawili waliokuwa wakiiga bawaba walitazama viatu vyao. Nilitazama uso wa Chiriku nione kama kuna nafuu, sikuona. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaufunga mfuko wake, akaondoka.

Wimbo nimeushusha toni mbili na nusu. Anauimba msichana wa kidato cha pili mwenye sauti nzito. Siku ya kwanza nilipousikia huko chini niliona aibu, kwa sababu ni mzuri zaidi. Mama anayefunika cherehani yake hapasui paa. Anaongea kama mtu aliyechoka. Sikuwahi kumsikia huyo mama, nilikuwa najisikiliza mimi.

Sasa habari kubwa. Daktari amemwona tena Chiriku Jumatano ya wiki iliyopita. Vinundu vimepungua. Amemruhusu kuongea dakika tano kwa siku, kwa sauti ya kawaida, basi. Kuimba bado hakuna anayejua. Daktari amesema wengine hurudi, wengine hurudi na sauti nyingine, wengine hapana. Baba yake amemnunulia saa ya mkononi.

Alhamisi saa nne, wakati wa mapumziko, mlango wa ofisi ya walimu ukagongwa. Tulikuwa walimu saba tunakunywa chai. Akaingia, akasimama mbele ya meza yangu, akaitazama saa yake, akaanza. Sauti imeshuka, ina kama mchanga ndani yake. Alinisema, Mama. Alianzia kwenye tangawizi ya kwanza. Hakutukana, hakulia, alinisema tu, jambo moja baada ya jingine, kwa mpangilio, na mwalimu wa hesabu alikuwa ameshika kikombe hewani hajui akishushe au anywe. Katikati ya sentensi saa yake ikalia. Akafunga mdomo, akatoka.

Ijumaa saa nne akarudi, akaendelea pale pale alipoachia, kwenye neno lililofuata. Jumatatu akarudi. Jumanne akarudi. Walimu wenzangu waliacha kunywa chai ofisini. Mimi nilibaki. Dakika zote tano za siku yake alikuwa ananipa mimi, nyumbani kwao anamwandikia baba yake kwenye karatasi, na kama mtu ameamua kutumia sauti yake yote hivyo, kukaa na kusikiliza ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa.

Jumatano alimaliza. Zilibaki kama dakika mbili. Aliitazama saa. Halafu akasema, "Kiitikio cha pili bado kiko juu. Yule wa kidato cha pili anakikwepa, anajifanya anakohoa. Kishushe."

Nilikishusha mchana ule ule.

Leo amenipa ujumbe wa kukufikishia wewe, ameuandika ili asipoteze dakika. Anasema wiki ijayo ni zamu yako, kuanzia Jumatatu saa nne, na anakadiria utachukua siku tatu. Chumba cha wageni hapa shuleni kipo, nimekifagia.

Mwalimu